Siku Perez Alipoambiwa Atulie

Kama kuna neno ambalo Perez Awuor hataki kulisikia tena mpaka siku anazikwa, ni neno "tulia". Mwambie tulia leo, hata kwa nia njema, hata nyumba ikiwa inaungua, atakugeukia na kukutazama mpaka uone haya. Wala simlaumu. Mtu aliyeambiwa tulia na mume, na mama mkwe, na jirani, na mlinzi wa getini, na msimamizi wa mtihani, tena yote hayo ndani ya asubuhi moja, ana haki ya kulichukia.

Perez ni mama wa watoto watatu, Mjaluo wa kule Rorya mkoani Mara, aliyeolewa na Msukuma aitwaye Mihayo, fundi wa mashine za boti. Wanakaa Kirumba, jirani na soko la Mwaloni. Asubuhi Perez anasaidia kwenye chekechea ya kanisa, anawafundisha watoto kuimba na kuhesabu, na mchana anauza dagaa wake sokoni. Watoto wanamlilia akikosekana. Lakini mwalimu mkuu alishamweleza bila kumung'unya maneno: mama, bila cheti cha kidato cha nne hakuna chuo kitakachokupokea, na bila chuo utabaki msaidizi mpaka uzeeke. Perez aliishia kidato cha pili. Basi, na umri wake wa miaka thelathini na nane, na binti yake Winnie ameshamzidi urefu, akajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mwaka jana alijaribu, ikawa aibu tupu. Karatasi yake ya kwanza ilikuwa Hisabati. Akiwa anaukaribia mlango wa chumba cha mtihani, simu ikaita: mvua imeanza Mwaloni na dagaa wake wote wameanikwa. Akaingia ndani mwili tu, akili imebaki sokoni. Akafungua karatasi, akaziangalia zile tarakimu, hakuna hata moja iliyomwambia kitu. Akatoka jasho. Akasimama, akatoka nje, na siku zilizofuata hakurudi tena. Mtaa mzima ukajua, maana mtaa ule hauna siri, na kwa miezi mingi kila aliyekuja kununua dagaa alimpimia na pole.

Mwaka huu akaapa: hainuki kitini kabla ya kengele, hata dunia ipinduke.

Asubuhi ya mtihani aliamka akakuta nyumba imenyamaza. Hilo peke yake lilikuwa jambo la ajabu. Mihayo ni mtu wa redio. Akifungua macho anafungua redio, na anaifungua mpaka majirani wa pili wanasikia timu gani imefungwa. Leo redio ilikuwa imefunikwa kitambaa juu ya kabati. Mihayo mwenyewe alikuwa amechuchumaa mlangoni, anapiga viatu vya mke wake rangi.

"Unafanya nini?" Perez akamuuliza.

"Napiga viatu rangi."

"Naona. Tangu lini?"

"Aa, Perez. Leo siku yako. We tulia tu."

Watoto nao walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wamenawa, wamechana nywele, hawagombani. Perez akamwangalia Winnie, Winnie akaangalia chini. Akaitafuta simu yake pale alipoiacha kwenye chaji, haipo. Akaambiwa iko kwa jirani, huko umeme una nguvu zaidi. Jamani! Umeme wa Kirumba una nguvu zaidi nyumba ya pili? Akafungua mdomo ajibu, mama mkwe akatokea jikoni na sahani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelala salama? Kaa ule. Mtu haendi kwenye shughuli kubwa na tumbo tupu."

Alikuwa amechinjiwa kuku. Asubuhi yote ile, kuku. Na juu ya ugali, mbele ya macho yake, ilikuwa imewekwa firigisi. Hapo ndipo Perez alipoanza kuogopa. Mama Mihayo ni mama mkwe mwema, lakini ni mtu wa mila, na kwake firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Miaka yote aliyokaa kwenye ndoa hii Perez hajawahi kuionja firigisi ya nyumba hii. Akamtazama Mihayo. Mihayo akatazama ile firigisi, akameza mate, akaendelea kupiga viatu rangi.

"Mama, kuna nini?"

"Hamna kitu mwanangu! Kula. Tulia."

Tatizo la Perez ni kwamba sura zile alikuwa anazijua. Alikuwa anazijua kwa sababu yeye mwenyewe alishawahi kuivaa sura ya namna ile. Alikuwa na miaka kumi na saba wakati mama yake alipofariki, na kaka yake Ojuok alikuwa katikati ya mtihani wa kidato cha nne, bwenini. Baba yao, Mzee Okech, akakataza: Ojuok asiambiwe mpaka amalize. Ndivyo watu wanavyofanya, mwenye mtihani hapelekewi msiba. Akatumwa Perez ampelekee chakula, asije akahisi kitu. Akaenda na kuku na maandazi, amevaa gauni lake la kanisani, anacheka mpaka mashavu yanauma. Ojuok akauliza, mama hajambo? Hajambo, akamjibu, anakusalimu sana, anasema utulie ufanye mtihani. Mama alikuwa amezikwa juzi yake.

Kwa hiyo usimletee Perez firigisi asubuhi halafu umwambie hamna kitu.

Akasukuma sahani, akatoka uani kwenda kunawa. Huko nako akaona mengine. Mlango wa jirani yao Suzana, ambaye mume wake yuko Nansio kwa shughuli za uvuvi na hatarudi mpaka mwisho wa mwezi, ulikuwa umefungwa na pazia limevutwa. Nje ya mlango kulikuwa na katambuga, viatu vile vya matairi, kubwa, za mwanamume, zimeganda udongo mweusi. Mjini hakuna udongo ule. Ule ni udongo wa nyumbani kwao Rorya, Perez aliukanyaga utoto wake wote. Suzana akatokea na kanga kiunoni na sahani ya ugali iliyofunikwa, akamwona Perez, akashtuka karibu aimwage.

"Suzana, una mgeni?"

"Mimi? Mgeni gani? Hamna. Haya ni ya… nakula mwenyewe."

"Ugali wote huo?"

"Nina njaa, dada. We nenda kwenye mtihani wako bwana, tulia." Akaingia ndani, akafunga mlango kwa mgongo.

Perez akabaki na maji mkononi. Mtu amesafiri kutoka Rorya, amefichwa kwa jirani. Habari ndogo siku hizi inapigwa simu. Anayetumwa kwa miguu yake ni yule aliyekuja kukuchukua, mwende wote kuzika. Na huko nyumbani nani mwingine wa kuzikwa, kama si baba yake, mzee wa kifua kibovu, anayekohoa tangu masika?

Na hapa niseme ukweli ulivyo. Perez na Mzee Okech walikuwa hawasemezani. Huyu baba ndiye aliyemtoa shule. Alikuja mpaka getini na baiskeli ya kuazima, akafunga sanduku la bati la Perez kwenye keria, akasema ada haitoshi watoto wawili, atasoma Ojuok. Perez akatembea nyuma ya ile baiskeli mpaka nyumbani. Siku ya mahari yake, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akamwambia baba yake kwamba ng'ombe anawahesabu vizuri sana kwa mtu aliyeshindwa kuhesabu ada. Wazee wakaguna. Tangu siku hiyo salamu zikawa zinapita kwa Ojuok.

Sasa amekufa, Perez akajiambia. Amekufa, na ameichagua siku ya mtihani wangu. Hata kufa ananitoa shule!

Mihayo alimsindikiza kwa miguu. Mawingu yalikuwa yamejikusanya ziwani upande wa Ukerewe, meusi, na Perez akakumbuka kwamba dagaa wake walikuwa wameshaanikwa Mwaloni na vijana wa sokoni tangu alfajiri. Akaona heri amalize la msiba kwanza.

"Mihayo. Nani?"

"Nani nini?"

"Nani amefariki?"

Mihayo akajikwaa na hakuna jiwe. "Mke wangu, hebu acha maneno hayo barabarani. Ukimaliza mtihani tutaongea."

"Kwa hiyo kuna la kuongea."

"Sijasema hivyo!"

"Umesema tutaongea."

"Perez, nimeapa kwa mama. Usinitese. Tulia, fanya mtihani, ukitoka utajua kila kitu." Halafu akamkabidhi mkebe wake wa hisabati, akageuka, akaondoka anakaribia kukimbia. Mume wa watu, mwongo asiyejua kusema uongo. Perez akatamani amrushie kiatu kilichopigwa rangi.

Getini kulikuwa na watoto wa watu wamevaa sare, wanasomeana maswali, na mlinzi ameshika kirungu.

"Mama, wazazi wanasubiri nje," mlinzi akamwambia.

"Mimi si mzazi. Mimi mtahiniwa."

Mlinzi akasoma namba yake, akamwangalia usoni, akaisoma tena. Macho ya Perez yalikuwa mekundu. "Haya, pita mama. Usiogope. Tulia tu."

Akapita akiwa ameuma meno.

Chumbani msimamizi alikuwa kijana mpole, amevaa tai. Akagawa karatasi, akasoma masharti, halafu akaongeza ya kwake ambayo hakuna aliyemwomba. "Msiwe na wasiwasi. Vuta pumzi, tulia, soma swali vizuri." Perez akavuta pumzi kweli, ya kujizuia asimtukane mtoto wa mwenzake.

Akafungua karatasi. Ikawa vilevile kama mwaka jana. Tarakimu zilikuwa pale, alama za kujumlisha na kutoa zilikuwa pale, lakini kati yake na zile tarakimu alisimama Mzee Okech na baiskeli. Swali la kwanza alilisoma, akafika mwisho, akawa hajui alianzaje. Chozi likadondoka kwenye karatasi. Akalifuta kwa kiwiko, likaja lingine. Na kana kwamba hayo hayatoshi, mvua ikaanza. Ilianza na matone ya mbalimbali kwenye bati, halafu ikashuka yote kwa pamoja, kelele mpaka msimamizi akafunga madirisha. Dagaa! Mwaka jana dagaa, mwaka huu dagaa na baba.

Akaweka kalamu chini. Mikono ikashika ukingo wa meza, tayari kuinuka.

Msimamizi akasogea. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Unataka kutoka nje kidogo upumzike?"

Kutoka nje. Neno hilo lilimpanda kichwani. Watu hawa wote wamekesha wanamdanganya, wamechinja kuku, wamempa firigisi ya mwanamume, wamemnyang'anya simu, ili yeye leo atoke nje? Hapana. Aliyekufa ameshakufa. Akitoka sasa hivi hatamfufua, na akikaa hatamuua mara ya pili. Kama ukoo mzima umeamua kumficha ili afanye huu mtihani, basi ataufanya mpaka wakome. Na baba yake naye, popote alipo, ataona. Alimtoa shule mara moja. Mara ya pili hamtoi.

"Nakaa," akasema. "Niache."

Hasira ikampa nafasi ya kufikiri, na akafikiria dagaa, maana mvua ilikuwa bado inapiga. Wageni wa kazi ile mvua ikija huwa wanakimbilia popote, wanazoa wabichi na wakavu kwa pamoja, wanaharibu wote. Perez hafanyi hivyo. Wabichi waache hapohapo wanyeshewe, walikuwa na maji tangu mwanzo, jua likitoka utawaanika tena. Unaanza kuanua waliokauka, maana hao wakiloa wamekwisha. Akaigeuza karatasi ya mtihani, akaipitia yote, haraka, akitafuta waliokauka. Hesabu za biashara, mtaji na faida: hao wamekauka, kila siku anazifanya. Akazijibu. Uwiano: nao wamekauka, mtu anayegawana gunia na wenzake hawezi kushindwa uwiano. Eneo la duara. Milinganyo miwili, hii nusu kavu, lakini akaigeuzageuza ikakubali. Swali la kwanza, lile lililomliza, alilirudia akiwa ameshajaza kurasa, akaliona kumbe la kawaida tu, lina vihesabu vya desimali, mtu mzima ananyanyaswa na desimali. Kuna moja la pembe na minara alilitazama mpaka likamchosha, akaliacha linyeshewe.

Machozi hayakukatika kabisa. Yalikuwa yanakuja, anayafuta, anaandika. Mwanafunzi wa pembeni alimwibia jicho mara mbili tatu kwa mshangao. Kengele ilipolia Perez alikuwa bado ameshika kalamu, na alikuwa bado amekaa kitini.

Mvua ilikuwa imekatika. Mihayo hakuonekana getini, na Perez hakumsubiri. Alitembea kwenda nyumbani akikanyaga madimbwi na vile viatu vilivyopigwa rangi, na kila hatua alikuwa anajiambia asilie njiani, alie akifika, kwa utaratibu, kama mtoto wa Mzee Okech anavyopaswa kumlilia baba yake.

Akakata kona ya mtaa wao. Kila kitu kilikuwa pale. Turubai limefungwa kutoka kwenye paa la nyumba yao mpaka kwenye mti wa jirani. Wanawake wa Mwaloni wamekaa chini yake, kanga viunoni, vichwa vimeinama. Sufuria kubwa la kuazima liko kwenye mafiga, mama mkwe anasonga ugali wa watu wengi. Mihayo anabeba viti.

Kwa Wajaluo msiba haunong'onwi. Perez akatupa mkebe wa hisabati, akaweka mikono kichwani, akaingia uani akikimbia na kupiga yowe ambalo, nasikia, lilisikika mpaka kwenye boti.

"Uwiii! Baba! Baba yangu mimi! Nimebaki na nani! Umeondoka hatujapatana!"

Wanawake wakainuka. Mtu akiingia na kilio cha namna ile huulizi kwanza, unamdaka. Wawili wakamdaka, wakaanza kulia naye. Wa tatu akaona wenzake wanalia akajitupa chini. Mama mkwe akaacha mwiko kwenye ugali, akashika kiuno, akapiga yowe la Kisukuma juu ya lile la Kijaluo. Watoto wakalia. Majirani wa mtaa wa juu wakaanza kuja mbio, wengine na vigoda tayari. Mihayo akasimama katikati na viti viwili, anageuka huku na huku.

"Nani kafa?" akawa anauliza. "Jamani, nani kafa?"

"Sijui!" akajibu yule aliyejitupa chini, huku analia. "Muulizeni Perez!"

Ndipo mlango wa Suzana ukafunguka kwa kishindo. Akatoka mzee mrefu, mwembamba, miguu mitupu, povu la sabuni nusu ya uso na wembe mkononi, analia na yeye, anakohoa na kulia.

"Nyara!" akaita, yaani binti yangu. "Nyara, nani amekufa? Ni Ojuok? Niambie, ni Ojuok?"

Perez akanyanyua uso. Kilio kikamkatikia kooni.

"Wewe!" akasema.

"Mimi nini?"

"Wewe, baba! Wewe ndiye umekufa!"

Mzee Okech akajitazama miguuni, akajitazama mikono. Kwenye mafiga ule ugali ulikuwa unaungua.

Maelezo yalichukua muda, na kila aliyefungua mdomo aliyaharibu zaidi. Ilikuwa hivi. Jana jioni, Perez akiwa kwa mwalimu wake wa masomo ya ziada, Mzee Okech alishuka basi kutoka Rorya bila taarifa. Familia ikakaa kikao palepale. Mama Mihayo akasema hawa wakionana leo moto utawaka, na mtihani utaungua kama mwaka jana, afichwe kwa Suzana mpaka Perez amalize. Na hawa wanawake chini ya turubai walikuwa wameanua dagaa wa Perez mvua ilipoanza, wakawabeba mpaka kwake, wakafunga turubai wasinyeshewe, wakawa wameinama wanachambua. Ugali ulikuwa wa kuwashukuru.

"Tulitaka utulie tu, mwanangu," mama mkwe akamaliza.

"Mama!" Perez akasema, na watu wakarudi nyuma kidogo. "Na wewe Mihayo, na wewe Suzana na njaa yako! Mnajua nimekaa vipi kwenye kile chumba? Nafanya Hisabati huku nampangia mtu jeneza! Nimetafuta faida ya mfanyabiashara huku najiuliza kaburi litachimbwa wapi! Hivyo ndivyo mnavyomtuliza mtu? Mngeniletea simba uani ningetulia zaidi!"

"Mimi nilisema," akaingilia Mzee Okech, povu linamkaukia usoni. "Nilisema waniache nimsalimie mtoto wangu. Wamenifungia tangu jana. Nikikohoa, huyu mama ananiwekea mto mdomoni."

"Na wewe nyamaza! Ulikuja kufanya nini?"

Mzee akashusha wembe. Akafuta sabuni na kiganja.

"Ojuok aliniambia unafanya mtihani," akasema. "Nikaona nije nikusindikize. Mpaka pale getini."

Hakuomba msamaha, na Perez hakumwona kama mtu anayejiandaa kuomba. Alisimama tu pale, mzee mwenye miguu ya udongo, anamtazama.

"Ulinitoa shule, baba," Perez akasema. Sauti ilikuwa imemwisha kwa kulia.

"Nilikutoa."

Wanawake wakajifanya wanachambua dagaa.

"Huu wa leo umeufanya?" Mzee akauliza.

"Nimeufanya."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka kengele."

Mzee Okech akatikisa kichwa taratibu, kukubali. Akauliza kuna mwingine kesho. Perez akamwambia kuna Baiolojia. Mzee akasema sawa, akarudi kwa Suzana kumalizia nusu ya ndevu iliyobaki.

Kesho yake redio ilifunguliwa kama kawaida, mpaka majirani wa pili wakasikia. Firigisi haikuonekana. Perez alikunywa uji, akavaa viatu vyake ambavyo hakuna aliyevigusa, na kule nje akamkuta baba yake amesimama na katambuga zake, zimeoshwa. Walitembea bila maneno mengi. Mara hii mzee ndiye aliyekuwa nyuma, kwa sababu ya kifua, na Perez alikuwa anapunguza mwendo akijifanya anaangalia madimbwi.

Getini mlinzi ni yuleyule. Akawaangalia wote wawili.

"Wazazi wanasubiri nje," akasema, safari hii kwa tahadhari.

"Ndiyo," Mzee Okech akajibu. "Mzazi ni mimi. Mtahiniwa ni huyu. Mimi nasubiri hapa."

Akatafuta jiwe pembeni ya geti, akakaa, akaweka kofia gotini. Perez akamtazama. Na kwa kuwa hakutaka kulia kwenye Baiolojia pia, akakasirika.

"Baba, kaa kivulini. Jua likitoka hapo litakuunguza. Na usithubutu kuniambia nitulie."

"Mimi sijasema kitu," akasema mzee. "Ingia, muda unakwenda."

Akaingia.